Kauri, Mpingo na Jina la Fundi

Neno kauri lina maana mbili katika lugha yetu. Kauri ni yale makombe madogo yenye mgongo wa duara na mdomo wa meno, yaokotwayo ufukweni maji yakikupwa. Na kauri ni ule udongo mweupe ung'aao, uliofinyangwa na kuchomwa China, ukatufikia kwa majahazi katika umbo la sahani, bakuli na birika. Wataliano nao waliuita udongo huo porcellana, jina ambalo kwao lilikuwa la kombe hilohilo la baharini, na kutoka kwao likaenea Ulaya nzima. Watu wa mwambao wawili, wasiopeana shauri, waliona mng'aro mmoja wakaupa jina moja. Basi kabla chombo hicho cha ugenini hakijapewa mahali ukutani, kilikwisha kupewa neno la nyumbani.

Hapo ndipo panapoanzia uhakiki huu. Nakusudia kuipima ladha ya watu wanaokusanya vitu vizuri vya kale, khasa visanamu: vile vya kauri vilivyopendwa Ulaya, na vile vya mti vilivyotoka katika uwanda wa Wamakonde, nyuma ya Mtwara, ambako Nanyamba ni mojawapo ya miji yake. Swali ni moja. Mtu anapokitia kitu katika kabati lake, neno la kitu hicho huingia nacho, au hubaki mlangoni?

Tuanze na sisi wenyewe, kwani mwenye kuhukumu kabati la jirani ni lazima afungue kwanza la kwake. Pwani yetu ni ya wakusanyaji wa tangu zamani. Katika Kilwa Kisiwani, mafundi wa msikiti mdogo wenye makuba walipachika mabakuli ya rangi ndani ya dari lake. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani za China, na Mambrui, kaskazini ya Malindi, iko nguzo iliyopachikwa mabakuli kama hayo. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na vidaka, safu juu ya safu, navyo vilijengwa ili vyombo vionekane. Hapa kwetu Unguja, Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, alieleza jinsi kuta za vyumba vya majumba ya kifalme zilivyokuwa na mashubaka yaliyojaa bilauri na vyombo vya kauri vya thamani. Na msomaji wa jarida hili hahitaji kukumbushwa Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuonyesha vidaka vya majumba ya Pate vikiwa vimekimbiwa na vyombo vyao na kuachiwa ndege. Mshairi yule alijua kwamba hakuna ushahidi wa kuanguka kwa nyumba ulio mkali kuliko kidaka kitupu.

Lakini tutazame vizuri ni nini kilichokusanywa. Kilikuwa chombo, sanamu hatukuitaka. Babu zetu waliijua sahani yenye maua, samaki au mwandiko, ila mdoli wa kauri mwenye umbo la mtu hakupata kidaka kwao, kwa sababu iliyo wazi: nyumba ya Muislamu haikuona vyema kuwekewa ukutani kiumbe chenye sura. Kwa hiyo ladha yetu iliundwa na kanuni, na kanuni hiyo ilitupa macho makali ya kutambua rangi, umbo la ukingo na sauti ya chombo kikigongwa kwa ukucha. Hilo ni fahari yetu. Aibu yetu ni nyingine. Katika karne zote hizo hatukuuliza ni nani aliyekifinyanga chombo. Katika karne ya 19, kauri ya China ilipoanza kupungua, zikaja sahani na mabakuli ya viwanda vya Ulaya, nyingi kutoka Maastricht huko Uholanzi, zenye maua ya kugongwa kwa sponji. Tukazitundika vilevile na kuzirithisha vilevile. Leo ukiingia katika duka la vitu vya kale hutauzwa kwa jina la fundi. Utaambiwa "ya kale", na neno hilo moja litatosha kuwa bei.

Ulaya palikuwa na desturi tofauti, nayo inafaa kutazamwa kwa sababu ndiko visanamu vya kauri vilikopata utukufu wake. Mtawala wa Saxony, Friedrich August, aliyekuwa pia mfalme wa Poland, alikuwa na maradhi ya kauri. Mwaka 1717 aliwatoa askari wapanda farasi 600 kwa mfalme wa Prussia, akapokea badala yao vyombo 151 vya kauri. Jamaa zao askari wale hatujui walisema nini, mitungi ingalipo. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1710, mtawala huyohuyo alikuwa ameanzisha kiwanda cha kauri katika mji wa Meissen, na mwaka 1731 akaingia humo mchongaji Johann Joachim Kändler. Meza za karamu za wakubwa zilikuwa zikipambwa kwa sanamu za sukari, zinazoliwa au kuvunjika. Kändler na wenzake walizigeuza kuwa za kauri: wachekeshaji wa michezo ya jukwaani, wachungaji na vipenzi vyao, wauzaji wa mitaani, ndege, na watu weusi waliovishwa mavazi ya kubuni ili kumpendeza mtu asiyepata kuwaona. Ni sanaa nyepesi, ya kuchezea macho baada ya kula. Kwa mizani ya maana, sioni kama kasuku wa Kändler anaweza kusimama mbele ya kinyago kimoja kizuri cha Kimakonde.

Hata hivyo, mkusanyaji wa Ulaya akimshika kasuku huyo, tendo lake la kwanza ni kumpindua. Chini ya kitako anatafuta alama ya panga mbili za buluu zilizopishana, ambayo kiwanda kilianza kuitumia katika miaka ya 1720. Kisha anaweza kwenda kwenye taarifa za kazi ambazo Kändler mwenyewe aliziandika, akasoma ni mwezi gani umbo lile liliundwa. Kitu cha kuchezea kimehifadhiwa pamoja na nasaba yake.

Sisi wapenzi wa mashairi tunaielewa desturi hiyo kuliko watu wengi. Mtunzi wa utenzi wa mwambao, afikapo tamati, aghalabu hulitaja jina lake na la baba yake, pengine na mji wake na tarehe aliyomalizia, kisha humwomba msomaji dua. Beti hizo za mwisho ni panga mbili za buluu za mshairi. Bila ya hizo tusingeweza kuzungumza juu ya washairi. Tungezungumza juu ya "ushairi wa Waswahili" kwa jumla, kama watu wazungumzavyo juu ya mvua.

Na hivyo ndivyo ulimwengu ulivyozungumza juu ya watu wa uwanda ule wa kusini.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijaisha kuzimwa, Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita kusini mwa Tanzania ya leo, akakaa Newala na Mahuta katika uwanda huohuo unaoibeba Nanyamba. Alikusanya vitu vya matumizi na vya ngoma, vinyago vikiwemo, na hakuishia hapo: alichukua picha zinazotembea za ngoma, na akanasa nyimbo kwa fonografu. Tumpe haki yake. Alielewa kuwa kinyago kina sauti, akajaribu kuichukua sauti nayo. Lakini yote mawili yalikwenda Leipzig, katika Saxony ileile ya Meissen. Katika nchi moja, kasuku wa kauri alikuwa na jina la aliyemuumba, na kinyago cha mti kilikuwa na jina la kabila la aliyekichonga.

Kinyago hicho ni kitu gani kwao? Wamakonde wana masimulizi ya asili ambayo yamesimuliwa mara nyingi: kiumbe wa kwanza, akiwa peke yake, alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, nayo ikawa mwanamke. Wakakaa karibu na mto. Mtoto wa kwanza akazaliwa mfu. Wakasogea juu, wa pili naye akafa. Wakapanda hadi uwandani, na wa tatu akaishi, akawa Mmakonde wa kwanza. Katika kisa hiki uchongaji umetangulia uzazi, na sanamu ni mama wa watu. Ndiyo sababu umbo la mwanamke lilishika nafasi ya heshima katika uchongaji wao wa zamani, na ndiyo sababu uso wa sanamu ulichongwa na chale zake na ndonya yake mdomoni, kwani mama hatajwi bila alama za nasaba.

Mapiko nayo, au midimu kama yaitwavyo upande wa Tanzania, hutoka wakati wa kuwapokea vijana wanaotoka jandoni na unyagoni. Iko barakoa ya uso, na iko njorowe, kifua na tumbo la mjamzito lililochongwa katika ubao mwepesi, ambalo mcheza ngoma mwanamume hulivaa akawa, kwa muda wa ngoma, mwanamke anayengoja kuzaa. Tumbo lile linapotundikwa ukutani katika chumba cha kuzungumzia huko ng'ambo, mtazamaji huona mviringo mzuri na chale zilizopangwa kwa ustadi. Hajakosea, uzuri upo. Alichopoteza ni ule mtikisiko: mwanamume aliyejitia uzazi mbele ya wanawake wanaojua uzazi, wao wakacheka, na vijana wakajifunza katika kicheko kile jambo ambalo lisingesemeka kwa uso mkavu.

Katikati ya karne ya 20 ukaja mtihani mwingine. Wachongaji wengi, khasa waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, walifika Dar es Salaam, na mpingo ukawa biashara. Wako waliotajwa kwa majina: Yakobo Sangwani anahusishwa na mtindo wa watu waliopandana katika gogo moja, ulioitwa baadaye ujamaa, Samaki Likankoa anahusishwa na mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950, na mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa mnunuzi na mhimizaji wao. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, jina lake lilifika kwenye majumba ya maonyesho ya nchi za nje. Lakini kwa kila jina moja lililofika, mikono mingapi ilibaki ikiitwa "Makonde" tu katika kijikaratasi kilichofungwa shingoni mwa kinyago?

Wala tusidhani kwamba jambo hilo liliharibu majina pekee; liliiharibu sanaa yenyewe. Mnunuzi asiyemjua fundi hawezi kutafuta fundi, kwa hiyo hutafuta dalili. Anataka weusi wa mpingo; basi mti mwepesi hupakwa kiwi ya viatu mpaka ukafanana. Anataka ukale, basi kinyago cha wiki iliyopita hufukizwa moshi na kufukiwa udongoni mpaka kikazeeka. Udanganyifu huu tunauchekea, tukamlaumu muuzaji. Mimi nasema mlaumiwa wa kwanza ni ladha iliyoupenda ukale kuliko mkono. Kama mnunuzi angeuliza "kimechongwa na nani, na alikusudia nini," moshi na kiwi visingekuwa na kazi.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha thamani ya kumbukumbu kuliko hoja yoyote. Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata ilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 mtafiti wa Kitaliano, Enrico Castelli, aliitambua. Mazungumzo yalichukua takriban miaka 20, na Mei 2010 makubaliano ya kuirudisha Tanzania yakatiwa saini. Watu walishangilia kurudi kwake, na walikuwa na haki. Lakini tuzingatie kilichoirudisha. Barakoa haikujitetea kwa uzuri wake. Ziko nyingi nzuri kama hiyo ambazo hazitarudi kamwe. Ilirudi kwa sababu ilikuwa imeandikwa mahali, na alikuwapo mtu aliyeweza kusema: hii ndiyo.

Mfano bora wa ukusanyaji ninaoujua hautoki Nanyamba, wala haukufanywa kwa mti wala kwa kauri. Ni wa visanamu vya udongo. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu juu ya visanamu vitumikavyo katika mafundisho ya wali na vijana, vingi vikitoka Usambara na jirani zake. Ni vitu vidogo, vya udongo usiong'aa, ambavyo mnunuzi wa mitaani asingevitolea senti. Cory alitambua kwamba kila kisanamu kina wimbo wake, na kwamba maana iko katika wimbo. Umbo ni kishikizo cha kumbukumbu. Kisanamu cha mnyama kinaweza kuwa onyo juu ya ulafi, cha chombo kikawa funzo la unyumba, na macho peke yake hayawezi kukisia. Kwa hiyo akavichapa pamoja, umbo na wimbo. Sishangai kwamba mtu huyohuyo alikusanya pia mashairi ya Kiswahili, yakatoka mwaka 1958 kwa jina la Sikilizeni Mashairi. Aliyezoea kusikiliza beti alijua kusikiliza udongo.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa, nazo si ndogo. Ya kwanza ni ya siri. Nyimbo za jandoni na unyagoni zina wenyewe. Kuzichapa ni kuvua nguo watu wazima. Nakubali. Hata kwa Cory swali hili halikwepeki, kwani alifanya kazi chini ya dola ya kikoloni, na idhini itolewayo kwa mtu wa serikali si idhini kamili. Kwa hiyo sisemi kila wimbo uandikwe. Nasema jina la fundi si siri ya jando. Kijiji alichotoka, mti alioutumia, aliyemfundisha, kama kinyago kilichongwa kwa ajili ya ngoma au ya soko: hayo yanaweza kusemwa bila kumvunjia mtu heshima. Na palipo na siri, iandikwe kwamba ipo siri. Hilo nalo ni neno, na ni bora kuliko kimya kinachomfanya mtazamaji adhani hakuna kitu.

Ya pili ni ya dini, na hii hutolewa zaidi visiwani. Tutaambiwa kuwa vinyago ni mambo ya bara na ya mashetani, hayatuhusu sisi wenye vidaka vya kauri. Ukweli ni kwamba uwanda ule hauko mbali na bahari: Mikindani, bandari ya kale ya Waswahili, iko chini yake, na barabara ya kutoka Mtwara kwenda Newala inapita Nanyamba. Tena Wamakonde wengi wa upande wa Tanzania ni Waislamu, wenye kuswali na wenye ngoma, na wamekuwa wakijadiliana wenyewe kwa vizazi vingi mpaka wa hili na lile. Mjadala huo ni wao, na wameuweza bila ya sisi. Asiyependa sanamu nyumbani mwake asiiweke. Hiyo ni kanuni ya kidaka chake. Kudharau kazi ya mkono wa mtu ni jambo jingine, wala dini haikuliagiza.

Kinachohitajika ni kidogo kuliko tunavyodhani. Nanyamba, kama ilivyo Newala na Tandahimba, wako wazee wanaokumbuka nani alichonga nini, na ngoma ipi ilitoka na kinyago kipi. Wako vijana wanaosoma na kuandika ambao ni wajukuu zao, na katika mifuko yao wana simu zenye uwezo wa kunasa sauti kuliko fonografu ya mwaka 1906. Safari hii sauti haina haja ya kupanda meli. Daftari la shule, jina la mchongaji, jina la mwalimu wake, sauti ya mzee aliyeridhia kusema: hiyo ni makumbusho. Mnunuzi naye, awe mgeni au mwenyeji, ana jambo moja la kufanya kabla ya kutoa fedha. Akipindue kinyago kama vile anavyopindua sahani, na akikuta chini yake hakuna kitu, aulize jina, kisha aliandike hapohapo.

Kauri zetu zimekwisha kutupita. Waliozifinyanga hatutawajua tena, na sahani nyingi za Kunduchi zimeng'olewa, zikaacha mashimo ya duara katika nguzo. Kwa mpingo na mti mwepesi wa uwandani muda haujaisha, kwa sababu wako hai wanaoweza kujibu.